Lenzi ya kamera ya mtumba, milimita 70-300: kwa ndege chozi sawa, kwa msituni hapana

Nimeinunua Darajani kwa shilingi 250,000, duka nalihifadhi jina. "Kama mpya, mwanangu," kaniambia muuzaji. Nafika nyumbani Konde, naimulika kwa tochi: ukungu kwenye kioo cha ndani. Haya.

Lakini juani, wallahi, haina lawama. Chozi wa Pemba, asiyepatikana kwengine duniani, nimempata kwenye mpapai wa jirani saa moja na nusu asubuhi. Dume akiwa kivulini utadhani kipande cha mkaa; ile zambarau ya kifuani haiwaki mpaka jua likupige mgongoni, naye ageuke kidogo. Hatulii huyo! Picha arubaini, nzuri nne. Kasi ya kupiga niliweka 1/1000 ya sekunde, chini ya hapo mabawa yanakuwa moshi.

Msitu wa Ngezi ndiko iliponiaibisha. Mle kiza, na ukiivuta mpaka 300 lenzi hii tundu lake linafunguka f/5.6 tu, yaani mwanga unaoingia ni kidogo, basi inanguruma mbele nyuma ikitafuta pa kushika. Popo wametoka madoa.

Maua ya mlakasa, ule mmea utambaao mchangani, pale ufukweni Vumawimbi yalitaka nirudi nyuma hatua mbili, maana kwa karibu haishiki. Tena kamera ikiachiwa ichague rangi yenyewe, zambarau yao inageuka buluu. Niliiweka kwenye alama ya jua, ikakaa sawa.

Kwa laki mbili na nusu ningeinunua tena. Ila safari hii tochi naenda nayo dukani.