Hamoki niliyonunua na yule kaka wa "tatizo mlalaji"

Naanza na muuzaji kwa sababu yeye ndo kanifanya niandike, la sivyo ningeshasahau. Nimemtumia voisi noti ya dakika mbili nzima, namweleza kwa ustaarabu kabisa kwamba ile hamoki aliyoniuzia, kile kitanda cha kitambaa cha kufunga kati ya miti miwili, imenitesa usiku kucha, mgongo umepinda, baridi nusura initoe roho, naomba basi anielekeze au anibadilishie. Akasikiliza, tiki zikawa bluu, kimya mpaka jioni. Halafu akajibu hivi: "Dada hamoki haina tatizo, tatizo mlalaji." Na kiemoji cha kucheka mpaka machozi.

Tatizo mlalaji! Mimi nina miaka arobaini na ushee ya kulala hapa duniani. Nimelala kwenye basi la Mwanza siti ya nyuma kabisa, nimelala kwenye benchi hospitali nikimsubiri dada yangu ajifungue, nimelala kitanda kimoja na watoto watatu mmoja anapiga mateke, na hajawahi kutokea mtu akaniambia mimi sijui kulala.

Haya, ilikuwaje. Tulipanda Lushoto kikundi cha watu sita wa kazini, ile miezi ya baridi, wenzangu wote wana mahema. Mimi nikasema hema sitaki, nimeshaona picha za watu wamejilaza kati ya miti na kikombe cha kahawa, raha mustarehe, nami nataka hivyo hivyo. Mambo ya kitambaa gani na inabeba kilo ngapi siandiki, yapo kwenye mfuko wake. Ninachotaka kusema mimi hakipo kwenye mfuko, na muuzaji hakukitamka, na ndo kesi yenyewe.

Nikaifunga. Sasa akili ya kawaida inakwambia nini, kitanda kizuri ni kilichonyooka, si ndiyo? Basi nikaikaza, nikamwita na kijana mmoja tuvute wote wawili mpaka ikanyooka kama meza. Wenzangu wakapiga makofi. Nikaingia na slipingi begi langu, lile begi la kulalia, nikalala wima katikati kama maiti, na hapo ndo mateso yakaanza, maana ukiikaza vile pembeni panakuja juu panakubana mabega, kitambaa kinakufunika uso, umefungwa kama sambusa. Magoti yanapinda kwa nyuma, upande ambao Mungu hakuyaumbia. Kujigeuza huwezi, ukijaribu yote inayumba unabaki umeshika pembeni unasoma dua.

Hiyo ni kabla ya baridi. Lushoto pale mjini tu ni kama mita 1,400 juu ya bahari, na kule kwenye misitu ya Magamba ni juu zaidi, si mahali pa mzaha. Juu yangu nilikuwa vizuri tu, begi limenifunika mpaka kidevuni, natoka jasho shingoni. Ila chini, jamani. Kuanzia kwenye mabega mpaka makalioni ni kama nimelalia kreti la soda za baridi. Nikavaa sweta la pili, wapi. Nikavaa na koti, wapi. Upepo unapita chini ya hamoki unanipapasa mgongo kama una miadi na mimi.

Saa nane usiku nimekaa tu, miguu inaning'inia, nalia kwa hasira, nikaona tochi inakuja. Mzee mlinzi wa ile kambi. Nikamwamkia, shikamoo baba, akaitika marahaba, akamulika ile hamoki kutoka mti mpaka mti, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapa unalala au unaanika nguo?"

Yaani nilicheka huku kamasi zinatoka.

Akaweka tochi chini, akafungua kamba upande mmoja, akailegeza mpaka nikaona sasa huyu mzee ananiharibia, ikawa imebonyea katikati kama tumbo la mtumbwi. Akapandisha kidogo upande wa miguu. Halafu akaingia yeye mwenyewe, na mabuti yake ya mpira na fimbo, kichwa akakipeleka pembe hii na miguu pembe ile, akalala mshazari. Na wallahi yule mzee alinyooka! Kitambaa kimebonyea ila mwili wake uko sawa, mabega yamepata nafasi, uso wazi. Akatoka akasema haya lala. Nikalala mshazari kama yeye, nikasikia uti wa mgongo unashuka pingili moja moja mahali pake. Magoti kimya. Nikamuuliza baba umejulia wapi, akasema kitanda cha kamba, mwanangu, kamba zikilegea si unalala mshazari?

Na ni kweli! Bibi yangu Tanga alikuwa na kitanda cha kamba kimelegea hatari, sisi wajukuu tukilala tunaporomokea wote katikati, yeye peke yake anajilaza kimshazari anakoroma mpaka alfajiri. Kumbe somo nilikuwa nalo tangu utotoni. Baadaye nikaangalia video nikaona huko Yucatán, Mexico, ambako watu wanalala humu toka wachanga, wote mshazari, hakuna anayelala wima katikati kama mimi.

Na hiyo ya kulegeza si raha tu. Mdogo wangu anasoma uinjinia kanichorea kwenye karatasi: kamba ikishuka kwa nyuzi 30 kutoka usawa, kila upande unabeba uzito sawa na wako. Nina kilo 78 (ndiyo, 78, msinisumbue), basi kila kamba inavutwa kwa kilo 78. Ukiikaza ikabaki nyuzi 10, kila kamba inavutwa kama kwa kilo 225. Mia mbili ishirini na tano! Na yule kaka alinipa kamba za nailoni nyembamba, nailoni inavutika, ndo maana usiku ule nilianza kwa urefu wa kiti na nilipokuja kushuka saa nane makalio yalikuwa yameshasogea kuelekea majani. Nikadhani nimenenepa.

Kwa hiyo mgongo umepona, baridi je? Baridi haikupona kwa mshazari. Mzee kasema hiyo ni ya chini, akaenda zake kuendelea na lindo. Kesho yake ndo nikaelewa mwenyewe, nimekaa juani nimeshika lile begi: joto linakaa kwenye ule unene wake, kwenye hewa iliyonaswa mle ndani. Sasa ukililalia unalikandamiza, chini yako linakuwa jembamba kama kanga, hewa hakuna, joto hakuna. Hata uvae masweta kumi, yale ya mgongoni yote unayakandamiza. Usiku wa pili nikaazima godoro la sponji la mwenzangu nikaliweka ndani, likasaidia ila linateleza, ukijigeuza linakukimbia unajikuta limekuwa mto. Usiku wa tatu nikafanya la maana, blanketi zito nikaliweka kwa nje, chini ya hamoki, nikalishikilia kwa doti ya kanga nimezifunga pembe huku na huku, likawa linaning'inia linagusa tu kitambaa kwa chini bila mimi kulilalia. Nikakunja sweta moja nikaweka chini ya magoti.

Nililala mpaka saa mbili asubuhi. Walikunywa chai wakaniacha. Sijawahi kulala vile tangu niolewe, hilo mume wangu asisome.

Basi nikasema hii kitu ni nyota tano. Halafu nikakumbuka "tatizo mlalaji" nikarudisha nyota moja. Kwa sababu, tuseme ukweli, alikuwa sahihi! Hamoki haikuwa na tatizo, mimi ndo nililala vibaya, na hicho ndicho kinachonikera mpaka leo. Kama ulijua tatizo ni kulala, si ungeniambia pale dukani nikiwa nahesabu hela? "Dada, usiikaze, lala mshazari, weka kitu chini." Maneno saba. Alikuwa na muda wa kunisifia rangi, oh kijani imekupendeza, kana kwamba nanunua gauni, muda wa maneno saba hakuwa nao.

Tena jina lenyewe lingekuwa hamaki tu, maana ndicho nilichopata. Wazee waliita machela, siku hizo wakubwa wa kikoloni wakibebwa mabegani mwa watu, leo machela ni ya kubebea wagonjwa, na mimi usiku ule wa kwanza nilistahili hiyo ya wagonjwa.

Sasa hivi iko barazani nyumbani Kigamboni na nailalia karibu kila Jumapili mchana. Usiku Dar usithubutu bila chandarua, na chandarua cha juu peke yake hakitoshi, mbu wa huku wanakuja kwa chini wanakuchoma kupitia kitambaa, niliamka makalio yana vipele kama mtoto wa surua. Inabidi kuweka mkeka au blanketi chini hata kwenye joto. Kwa hiyo nyota tatu. Au nne, mchana nne.

Kilichobaki ni kamba. Nataka ile mikanda mipana, haivutiki na haiukati mti gome, maana mwembe wangu umeshaanza kuvuja utomvu. Nimezunguka Kariakoo nzima siku mbili, mikanda ya hamoki hakuna. Anayo nani? Nishamblock, na siwezi kumfungua, nina heshima zangu. Nikamtuma mume wangu, nikamwambia ujifanye hunijui.

Karudi jioni na mikanda miwili mizuri kabisa, na punguzo kapewa. Anasema yule kaka kakusalimia sana, anauliza mlalaji anaendeleaje.