Vipimo kabla ya kumfunga mnyama kizazi: uzoefu wangu na kliniki moja Dar es Salaam

Alama: 4 kati ya 5. Nimepeleka wanyama watatu: mbwa jike wa kilo 20, mbwa dume wa miezi kumi na paka jike wa kilo 1.5. Mbwa wote wawili waliahirishiwa upasuaji, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipa kliniki alama hizo.

Jike kwa macho alikuwa mzima, anakula na kubweka. Daktari alipofunua mdomo akakuta fizi zimepauka, na kwenye kinena vidoa vidogo vyekundu kama vya kudungwa sindano. Damu ikapimwa: chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa 58,000 kwa maikrolita, wakati mbwa mzima huwa na 200,000 hadi 500,000. Ujazo wa chembe nyekundu ulikuwa asilimia 29, nao kwa kawaida huanzia 37. Kipimo cha haraka kikaonyesha Ehrlichia, vijidudu vinavyoletwa na kupe wa kahawia. Kipimo hicho husoma kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya vijidudu na ambazo huweza kubaki hata baada ya kupona, kwa hiyo peke yake kingeweza kuwa kinaonyesha ugonjwa wa zamani. Chembe sahani chache namna ile ndizo zilizomaliza ubishi. Walitazama pia damu kwenye darubini kuhakikisha hakuna Babesia, vijidudu vingine vinavyoshambulia chembe nyekundu, maana kupe huyohuyo huweza kuleta vyote viwili.

Angepasuliwa siku ile, hatari ilikuwa kubwa. Chembe sahani ndizo zinazoanza kuziba mshipa uliokatwa, na kumfunga jike kizazi ni kukata mishipa ya ovari iliyo ndani kabisa ya tumbo. Akivuja damu huko, nje mshono unaonekana mkavu.

Alipewa doksisaikilini, dawa ya kuua vijidudu hivyo, miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, yaani vidonge viwili vya 100, baada ya chakula na bila maziwa, siku 28 kamili. Wengi huharibu hapa: mbwa akirudisha hamu ya kula wiki ya kwanza, vidonge vinaachwa. Kosa la pili ni kumtibu mbwa na kulisahau banda. Kupe huyu hutagia mayai kwenye nyufa za kuta, si mwilini, kwa hiyo banda lisiponyunyiziwa dawa ataambukizwa upya. Damu ilipimwa tena dozi ilipoisha, chembe sahani zikawa 240,000, ndipo akapasuliwa.

Dume alikuwa na korodani moja tu iliyoshuka. Katika umri huo nyingine haishuki tena. Daktari aliipapasa kwenye kinena, hakuipata, akaahirisha ili apange muda wa kufungua tumbo. Alifanya sawasawa. Kutoa ile inayoonekana na kuiacha ya ndani ni kazi mbovu: mbwa anaonekana amehasiwa, lakini homoni zinaendelea kutoka, na korodani iliyobaki tumboni ina hatari kubwa zaidi ya saratani.

Alama moja nimeipunguza kwa ajili ya paka. Mapokezi waliniambia afunge kula kwa muda wa saa 12, kama mbwa mkubwa. Paka mdogo hivyo hana akiba ya kutosha, sukari yake hushuka upesi; saa 2 hadi 4 zinatosha, na maji asinyimwe. Kisha mashine ikasoma chembe sahani chache, wakataka kumrudisha nyumbani. Chembe sahani za paka hugandana ndani ya kichupa na mashine haiwezi kuzihesabu. Niliomba zitazamwe kwenye darubini, mafungu yakaonekana wazi, akapasuliwa salama.

Jambo jingine ambalo hawakuuliza, ukienda litaje mwenyewe: jike alikuwa kwenye joto lini. Akiwa kwenye joto mishipa ya mji wa mimba hujaa damu, na kwa mbwa ni bora kusubiri miezi 2 hadi 3. Lakini kama joto lilipita wiki chache nyuma na sasa anakunywa maji kupita kiasi, amechoka, au anatoa uchafu ukeni, usikubali kuahirishwa. Huenda mji wa mimba umejaa usaha, nao unaua usipotolewa mapema.

Vipimo vya damu hulipiwa kando. Lipa, na udai karatasi yenye namba zenyewe, si neno "yuko sawa" tu, kwa sababu ndizo utakazolinganisha nazo akipimwa tena.