Tathmini ya shahada ya muziki ya chuo cha ada nafuu: nyota nne kati ya tano

Nyota ya tano nimeikata, na sababu yake nitaieleza. Si ya ada.

Ninachokitathmini ni shahada ya kwanza ya muziki, miaka minne, katika chuo kikuu cha umma ambacho jina lake halitakusaidia kitu, maana hakimo kwenye orodha yoyote ya vyuo mashuhuri. Nilisomea piano pamoja na ualimu. Leo muziki ndio unaonilisha: mchana nafundisha shuleni, jioni nina wanafunzi wa binafsi, mwisho wa juma napigia waimbaji piano au napanga nyimbo kwa kwaya zinazolipa. Kwa hiyo nisome kama mtu aliyenunua kitu akakitumia mpaka kikachakaa, si kama afisa udahili.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la jina la chuo. Wazazi wakishakubali kwa shingo upande kwamba mtoto atasoma muziki, wanakimbilia majina: Juilliard ya New York, Berklee ya Boston. Ni vyuo vikubwa kweli, sina ubishi. Lakini anayetaka bora na nafuu kwa pamoja namtajia kwanza vile ambavyo havitozi ada kabisa. Curtis ya Philadelphia haijatoza ada tangu 1928. Yale School of Music ilipata zawadi ya dola milioni 100 mwaka 2005 ikafuta ada, ila hiyo ni kwa wanaoendelea baada ya shahada ya kwanza. Ujerumani, vyuo vya muziki vya serikali kwa kawaida havitozi ada hata kwa mgeni, ingawa baadhi humtoza anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya: katika jimbo la Baden-Württemberg, kwa mfano, hulipa yuro 1,500 kwa muhula. Bure ipo, mlango wake ndio mwembamba. Curtis huchukua watu wachache mno, kwa kadiri ya nafasi zilizobaki wazi, na Ujerumani hukwepi usaili wa ala, wala lugha yao, wala gharama za kuishi.

Ukikosa huko usidhani umekosa kazi. Tangu nihitimu hakuna aliyenipa kazi ya kupiga kwa kuangalia cheti. Kondakta anakuwekea nota mbele, anahesabu moja mbili tatu nne, na kabla ukurasa haujaisha ameshajua wewe ni nani. Shule peke yake ndiyo iliyotaka karatasi, na karatasi iliyoitaka ilikuwa leseni ya ualimu. Umaarufu wa chuo haukutajwa.

Basi ada inanunua nini? Kikubwa kuliko vyote ni saa ya kukaa na mwalimu wa ala kila wiki, wewe na yeye tu. Nadharia utaisoma kitabuni na historia ipo maktaba, lakini kiwiko chako kikikaza, kitabu hakikuoni. Mwalimu wangu alikuwa mama mmoja asiyepaza sauti hata siku moja, penseli nyuma ya sikio, na alikuwa na zoezi lake la kunyoosha watu. Anakupa kipande chenye sauti tatu. Unapiga ya juu na ya chini, ya katikati unaiimba. Ukishaiweza anageuza: imba besi, piga mbili za juu. Siku za mwanzo koo linafuata kidole gumba hata ukilikataza. Unaanza na sauti ya katikati vizuri, sauti ya juu inapanda, nawe bila kujua umeshapanda nayo. Anasimamisha. Hasemi umekosea, anagonga ile nota moja kwa ncha ya penseli, mnarudia kutoka hapo.

Nilililalamikia sana zoezi lile. Sasa nikiwa kwenye piano na kwaya mbele yangu, alto wakianza kuteleza nasikia kabla hawajawaburuza wenzao, na wala siachi kupiga: nawaimbia sauti yao huku mikono ikiendelea na zilizobaki. Ndicho hasa wanachonilipia.

Kwa hiyo ukilinganisha vyuo viwili, weka kando picha za ukumbi na taa zake. Uliza kama somo la ala ni dakika 30 au 60. Uliza anayefundisha mwaka wa kwanza ni mhadhiri mwenyewe au ni mwanafunzi wa uzamili. Kwetu wapiga piano tulikuwa wachache, mhadhiri akatutosha wote. Mwenzangu mmoja alikwenda chuo chenye jina kubwa kwa ajili ya bingwa fulani, na miaka yake ya mwanzo ikapita mikononi mwa wasaidizi kwa sababu bingwa alikuwa safarini kwenye maonyesho. Alilipa ada ya bingwa vilevile.

Vyumba vya mazoezi: vya wastani. Piano nyingine ilikuwa na kitufe ukikibonyeza hakirudi. Nenda ukague mwenyewe jioni, wakati kila mtu anahitaji chumba, usiende asubuhi na mwongozaji wa wageni.

Sasa nije kwenye mahali ambapo unafuu huponyoka watu wakiangalia. Nadharia na mafunzo ya usikivu kwa kawaida huenda mihula minne inayofuatana, na huwezi kuruka. Vyuo vidogo, kwa kuwa walimu ni wachache, huenda vikafundisha kila sehemu mara moja tu kwa mwaka. Ukianguka sehemu ya pili, au ukichelewa kujiandikisha, hungoji muhula, unangoja mwaka mzima, na mwaka wa nyongeza ni ada, chumba na chakula. Ada iliyoonekana ndogo kwenye tangazo imeshaipita ya jirani.

Yaleyale yanamkuta anayeanzia chuo kidogo cha miaka miwili kwa nia ya kuhamia chuo kikuu baadaye. Ni mpango mzuri, na kwa masomo ya jumla huokoa fedha nyingi. Idara ya muziki lakini ina tabia yake: unafika na alama zako safi, wanakupa mtihani wao wa kukupanga, imla ya sauti nne inapigwa kwenye piano nawe uandike, na ukiyumba wanakurudisha nyuma. Kabla ya kuhama omba waandike ni masomo gani watayapokea. Ahadi ya mdomo ya ofisi ya udahili haina nguvu mbele ya mkuu wa idara.

Halafu kuna vitozo vidogovidogo. Ada ya somo la ala mara nyingi hutozwa mbali na ada ya chuo. Mwimbaji au mpiga fidla atamlipa mpiga piano wa kumsindikiza kwenye mtihani na kwenye onyesho la mwisho. Kuna vitabu vya nota, nyuzi, mianzi ya klarineti, nguo nyeusi za tamasha. Mimi hapo nilikuwa upande wa kupokea, sitaficha. Hela yangu ya matumizi ilitoka kwa waimbaji waliochelewa kutafuta mtu wa kuwapigia.

Na hilo linanifikisha kwenye somo lililonilipa kuliko yote, ambalo kwenye orodha lilionekana la kujazia: kusindikiza. Kusoma nota papo hapo, kuhamisha wimbo kutoka kii moja (kimo cha sauti cha wimbo) hadi nyingine bila kuandika, kumfuata mwimbaji aliyeruka mistari miwili kana kwamba ndivyo mlivyokubaliana. Soko la mpiga piano wa jukwaani peke yake ni dogo sana kila mahali. Soko la anayeweza kuwapigia wengine halina msimu: usaili, mitihani, harusi, misiba, madarasa ya dansi. Chuo kisichofundisha kusindikiza kwa wapiga kinanda kimekuuzia nusu ya bidhaa.

Upande wa kompyuta nilikuwa na bahati mchanganyiko. Tulifundishwa kuandika nota kwa Finale, programu iliyokuwepo tangu 1988. Agosti 2024 wenyewe, MakeMusic, wakatangaza kwamba hawaiendelezi tena. Wenzangu wengi walipata kiwewe, kazi zao zote zimo humo. Kilichotuokoa ni jambo dogo ambalo mhadhiri alilisema kama anapita: kila ukimaliza kazi, hifadhi nakala moja ya MusicXML na moja ya PDF. MusicXML hufunguka kwenye programu nyingine, ikiwemo MuseScore ambayo ni ya bure. Kwa hiyo nikiona chuo kinajisifia programu ya gharama kubwa maabara, sishtuki. Nataka kujua kama wanafundisha kazi yenyewe au vitufe vya programu moja.

Thamani ya ajira inategemea sana shahada hiyo imefungwa na nini. Kwenye mfumo wa Marekani, ambao wengi huuiga, kuna aina mbili zinazochanganya watu. Ile ya kitaalamu, Bachelor of Music, karibu theluthi mbili ya masomo yake ni muziki. Bachelor of Arts ya muziki ina karibu theluthi moja, na nafasi iliyobaki unaweza kuijaza hesabu, kompyuta au biashara. Anayejua wazi kwamba atafundisha au atapiga achukue ya kwanza. Anayependa muziki lakini moyo wake haujatulia, ya pili ni nafuu zaidi kwa maana kwamba ina milango miwili. Sioni aibu yoyote kwa hiyo ya pili, ingawa kwenye korido za idara watu waliinyanyapaa.

Ualimu ndio mkate wa kila siku: unaongeza masomo ya ufundishaji na muhula wa mazoezi shuleni, unatoka na leseni. Tiba ya muziki ni njia isiyojulikana vya kutosha, na si ya kuingilia kwa huruma peke yake. Marekani inadai saa 1,200 za mafunzo ya vitendo kisha mtihani wa bodi kabla ya kuitwa mtaalamu. Uhandisi wa sauti nao ni kazi ya kweli, lakini mahali pa kujifunzia ni kwenye mitambo, na kozi fupi ya ufundi inaweza kukutosha bila shahada. Mtunzi wa filamu? Wapo. Simwambii mtu akope kwa ajili hiyo.

Kwa anayetaka kufundisha nyumbani tu, bila shule, shahada nzima huenda ikawa kubwa kuliko haja. Mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza iliyoanza 1889, inafahamika kwa wazazi wa nchi nyingi, na ni rahisi kuikabili ngazi moja baada ya nyingine kadiri fedha inavyopatikana. Kumbuka tu kwamba kufika daraja la 6 la vitendo wanataka kwanza uwe umepita daraja la 5 la nadharia au linalolingana nalo. Wengi wanaomaliza la 5 kwa vidole hukwama hapo.

Nyota niliyoikata ni ya biashara. Miaka minne, nimeandika fugi, nimechambua sonata, na hakuna aliyenionyesha ankara. Haki za muziki tulizigusa kwa haraka mwishoni mwa muhula, mtu akipitisha slaidi. Kwamba wimbo una haki mbili tofauti, ya utunzi wenyewe na ya rekodi, na kwamba kila moja ina namba yake, ISWC kwa utunzi na ISRC kwa rekodi, nilikuja kulielewa vizuri nikiwa nimekaa na mkataba wa kupanga nyimbo za kwaya mkononi, nikitafuta mstari unaosema ile mipangilio ikirekodiwa ni ya nani. Mstari haukuwepo. Tuliuandika upya, mteja na mimi, kwa kalamu pembeni mwa karatasi. Chuo kinachomtoa mwanamuziki bila kumfundisha kusoma mkataba hakistahili nyota tano, hata kingekuwa bure.

Uzamili je? Usiulipie mfukoni kama unaweza kukwepa. Idara nyingi zina nafasi za usaidizi ambazo hupunguza au hufuta ada kwa atakayefundisha madarasa ya chini au kuwapigia waimbaji. Wapiga piano wanaosindikiza ndio wanaotafutwa kwa hamu kubwa zaidi, kwa hiyo ukiomba, tuma rekodi moja ya kipande chako bora na nyingine ukiwa na mwimbaji. Hiyo ya pili ndiyo watakayoisikiliza mpaka mwisho.