Chunusi sugu za kidevuni: kilichonifaa na kilichonilia pesa

Kwa mwenye haraka, jibu langu ni hili: tyubu mbili za kawaida kutoka duka la dawa, benzoili peroksidi asubuhi na adapaleni usiku, zimenifaa kuliko mambo yote ya saluni na kliniki za urembo yakijumlishwa. Ila bila daktari wa ngozi nisingejua kuzitumia, kwa hiyo pesa niliyomlipa siijutii.

Chunusi zangu si zile ndogo za paji la uso. Ni vinundu vigumu vya kidevuni na chini ya taya, vinauma hata mto ukivigusa, huja kabla ya hedhi, na vikiondoka huacha doa jeusi linalokaa miezi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, doa ndilo kesi yenyewe.

Za nyumbani nizipitie haraka, maana Nairobi kila mtu ni daktari wa uso wako; hata ndani ya matatu mama usiyemjua atakuambia, "Jaribu ndimu, mwanangu." Ndimu inachoma, na ukitoka nayo juani ngozi inaweza kuungua ikaongeza madoa. Dawa ya meno inakausha na kuwasha tu. Mshubiri unapoza, sina ugomvi nao, lakini kinundu kilichojichimbia ndani haukifikii. Liwa, ule unga wa msandali, niliyoletewa kutoka Mombasa nilifurahia sana kuipaka. Alama naipa, za harufu.

Daktari nilimwona Upper Hill. Nilipopiga simu kuweka miadi niliambiwa nibebe kila ninachopaka usoni na kichwani. Akavipanga vyote mezani, akaanza na nisichokitarajia: mafuta ya nywele. "Haya unalala nayo?" Kumbe mafuta mazito hushuka usoni na kuziba vinyweleo. Kisha akauliza kuhusu hedhi, kama inaruka, kama nina ndevu zinazoota, na kama natumia sindano ya kupanga uzazi, kwa kuwa baadhi ya njia hizo huchochea chunusi. Majibu yangu yangekuwa mengine angenipeleka kupimwa homoni. Mwisho akachukua krimu moja niliyopewa na shangazi, akasoma maandishi madogo ya nyuma na kuiweka mbali na zile nyingine. Ilikuwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Krimu za namna hiyo hulainisha uso upesi, mtu akafurahi, kisha huleta chunusi zake zenyewe na kuikondesha ngozi, na ukiziacha ghafla uso unalipuka. Vipodozi vya kung'arisha vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku Kenya, lakini pita vichochoro vya katikati ya mji uone vilivyopangwa.

Nilitaka benzoili peroksidi ya asilimia 10, akacheka. Ya 2.5 huua bakteria karibu sawa na hiyo kali, na haibabui sana. Jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha ni nguo: dawa hii hutoa rangi. Foronya yangu ya maruni sasa ina mawingu ya rangi ya chungwa, na kola ya blauzi ya kazini imeenda. Nunua taulo nyeupe.

Adapaleni ya asilimia 0.1 inahitaji moyo. Unapaka kiasi cha njegere moja uso mzima, ukiwa umekauka, si juu ya chunusi peke yake. Nilianza kwa kuruka usiku kadhaa, na bado nilibambuka kama ukuta wa nyumba ya kupanga. Wiki za kwanza chunusi ziliongezeka. Hapo ndipo wengi huitupa, na siwalaumu, ila dawa hii huhesabiwa kwa miezi. Mjamzito au anayetafuta mtoto asiiguse.

Aliongeza doksisaiklini kwa muda mfupi, akasisitiza kwamba antibayotiki haitumiki peke yake kwa chunusi wala haiendelezwi ovyo, bakteria wasije wakaizoea. Unaimeza na maji mengi, unakaa wima, na chai ya maziwa inasubiri, maana maziwa hupunguza dawa inayoingia mwilini. Kwangu hiyo chai ilikuwa adhabu kubwa kuliko kubambuka.

Losheni ya kukinga jua ni lazima kila siku, la sivyo madoa hayaishi. Ya kwanza iliniacha na weupe wa kijivu; tafuta yenye rangi ya kahawia.

Kliniki moja ya urembo nayo ilinila. Walinichubua uso kwa asidi, madoa yakapungua kidogo, vinundu vikabaki palepale. Kilichonikera ni kwamba hakuna aliyeuliza natumia dawa gani, ilhali adapaleni husimamishwa kwanza kabla ya kuchubuliwa. Nililitaja mwenyewe. Wao walikuwa wanashughulika na "lipia kifurushi kizima leo upate punguzo." Leza niliikataa; kwa ngozi nyeusi, mkono usiojua unaweza kukuachia alama mpya.

Kama haya yangeshindikana ningepewa aisotretinoini, dawa kali ya kumeza ya chunusi. Binamu yangu mwenye makovu mgongoni, hiyo ndiyo iliyomponya. Midomo ilimpasuka muda wote, na damu yake ilipimwa ini na mafuta. Kwa mwanamke hakuna mzaha: inaharibu mtoto tumboni, kwa hiyo unapimwa mimba kabla na unajikinga muda wote unaoitumia.

Sasa kinanijia kinundu kimoja au viwili kabla ya hedhi, si msururu. Madoa yanafifia, na nimeongezewa asidi ya azelaiki kwa ajili yake. Bima ya kazini ilimlipa daktari, krimu ikazikataa ikisema ni urembo. Adapaleni huisha madukani mara kwa mara, na ukiulizia mtaani utapewa tyubu nyingine "inafanya kazi ileile." Igeuze usome nyuma kwanza. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, ambazo ni steroidi zilezile, irudishe na ungoje mzigo uje.