Tochi ya UV na bakuli la kioo lisilo na jina: uzoefu wangu

Naona watu wengi wanauliza kama hizi tochi za UV, yaani za mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa jicho, kweli zinaweza kukuonyesha kioo cha zamani kimetoka kiwanda gani. Ninayo moja ya nanometa 365 (hicho ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga wake), niliinunua mtandaoni kwa pauni 18, na kazi yake kubwa hadi sasa imekuwa bakuli moja lililonikosesha usingizi. Jibu langu: jina la kiwanda hutalipata kwa tochi. Lakini siirudishi.

Bakuli lenyewe nililiokota hapa London, kwenye gulio la Jumapili asubuhi ambako watu huuza vitu vyao kutoka kwenye buti la gari. Ni zito kuliko unavyolidhania. Kwa ndani ni kijani cha bahari, kwa nje limefunikwa na safu ya kioo kisicho na rangi, na kati ya safu hizo mbili kuna viputo vya hewa vimejipanga mistari kwa mistari kama punje kwenye gunzi la mahindi. Halina saini, halina muhuri, halina hata alama ya karatasi iliyobanduka. Muuzaji akasema ni Murano. Hapa kila kioo cha rangi kisicho na mwenyewe huitwa Murano, kile kisiwa cha jirani na Venice ambako mafundi wa vioo walihamishiwa mwaka 1291, maana jina hilo likitajwa tu bei inapanda.

Kabla ya tochi nililipia huduma ya mtandaoni ya kutambua vitu vya kale kwa picha. Jina lake silitaji. Unatuma picha zako, unalipa, "mtaalamu" anakujibu. Jibu lilikuja upesi: Murano, miaka ya 1950. Nikauliza ni kipi walichokiona kilichowaambia hivyo, nikaambiwa maelezo ya ziada yana malipo yake. Nyota moja, na hiyo ni ya uharaka.

Sasa tochi. Kitu cha kulipia hapa ni kile kioo cheusi kilichowekwa mbele ya taa. Kinazuia mwanga wa kawaida unaovuja, ukabaki na miale ambayo jicho halioni, kwa hiyo kinachong'aa mbele yako ni chombo chenyewe. Zile za bei chee za nanometa 395 humwaga zambarau chumba kizima. Kioo kilichotiwa urani, yale madini ya mionzi yaliyotumika kukipa rangi, kitawaka tu, lakini mng'ao hafifu unazama humo humo na wala hutaujua ulikuwepo. Betri ya yangu inachajiwa kwa waya wa simu na inakaa vizuri. Ubaya wake ni kwamba inapata moto haraka, na maelekezo hayasemi chochote kuhusu macho. Vaa miwani ya kuzuia UV, na usimruhusu mtoto aichezee.

Nilizima taa jikoni, nikavuta pazia. Kisahani cha kijani-manjano nilichokuwa nacho siku nyingi kikawaka kijani kikali mno: hiyo ni urani, ambayo mafundi wa Bohemia, katika Ucheki ya leo, walikuwa wakiitia kwenye kioo tangu miaka ya 1830. (Sisi wa huku kwetu tuna undugu na habari hii. Shinkolobwe, mgodi wa kule Katanga, Kongo, walichimba wakitafuta radiamu, na urani ilikuwa mabaki tu ya kuuziwa watia rangi wa vyungu na vioo, mpaka vita vya pili vya dunia vilipoigeuza kuwa malighafi ya bomu la atomiki.) Bakuli langu je? Giza. Halikung'aa hata chembe.

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Kutowaka kunakwambia tu kwamba hakuna urani ya kuonekana. Hakukwambii Italia wala Uingereza, kwa sababu kiwanda kimoja kilikuwa na mapishi mengi, kila rangi na yake. Faida niliyoipata ni nyingine kabisa: gundi nyingi za kuungia vioo hung'aa chini ya mwanga huu, nami nilizungusha ukingo wote taratibu nisione kiraka wala ufa uliozibwa. Kwa anayenunua vitu vya mkono wa pili, hilo peke yake linarudisha pauni 18.

Kilichonisaidia kumtafuta fundi ni kuligeuza bakuli chini. Kioo cha kupulizwa hushikiliwa kwa fimbo ya chuma wakati mdomo wake unamaliziwa, na kikitenganishwa na fimbo kinabaki na kovu. Hapa kovu limesagwa na kung'arishwa likawa kishimo cha duara, laini, kidole gumba kinateleza ndani yake. Mikwaruzo ya pale linapokalia imeelekea kila upande, jinsi inavyokuwa kwa chombo kilichosogezwa mezani miaka na miaka. Halafu viputo. Fundi hukisukuma kioo cha moto ndani ya kalibu lenye miiba, miiba inaacha vishimo, kisha anakichovya tena kwenye kioo kilichoyeyuka, hewa inanaswa. Murano wanaijua mbinu hiyo, huiita bullicante, ila nyingi nilizozishika zina viputo vidogo vilivyosongamana, na mara nyingi na vumbi la dhahabu juu yake. Vyangu ni vikubwa, vimeachana, na dhahabu hakuna.

Nikaenda Harrow, jumba la makumbusho la Headstone Manor, kuingia ni bure. Wana vioo vya Whitefriars, kiwanda ambacho familia ya Powell ilikinunua mwaka 1834, kikahamia Wealdstone mwaka 1923 na kufungwa mwaka 1980. Vitu vyao vingi vilitoka na karatasi tu yenye picha ya mtawa, na karatasi hufa kwenye sinki siku ya kwanza. Kabatini niliona viputo vya mpangilio uleule na unene uleule. Baadaye nikapekua katalogi za zamani za Whitefriars: umbo limo, na kijani cha bahari kimo kwenye orodha ya rangi. Nikiliuza nitaandika "linahusishwa na Whitefriars", siyo zaidi ya hapo.

Kwa hiyo tochi naipa nyota nne. Kama una bakuli moja tu, azima ya rafiki. Kama unazunguka magulio, nunua ya 365 yenye kioo cheusi, siyo nyingine. Na nge nao hung'aa chini ya mwanga huu. Shemeji yangu wa Dodoma ameshaniambia nisithubutu kutua nyumbani bila kumletea yake.