Tarehe 20 Utabaki na Ngapi? Programu za Bajeti, Kuanzia Inayofaa Zaidi

Programu nyingi za bajeti hukuchorea duara la rangi: chakula kiasi hiki, nauli hii, bando hili. Hayo ni ya nyuma, pesa imeshatoka. Anayelipa kodi ya nyumba miezi sita kwa mkupuo, na Januari anadaiwa ada ya shule, ana swali jingine: salio litashuka mpaka wapi kabla mshahara haujaingia, na ni siku gani? Nimezipanga programu kwa swali hilo. Isiyolijibu nimeishusha, hata kama inapendeza machoni.

Nafasi ya kwanza naipa GnuCash. Ni ya bure, inakaa kwenye kompyuta ya Windows, Mac au Linux, na hesabu zako hazitoki kwenye mashine yako. Unafungua akaunti ya benki, ya M-Pesa, ya fedha taslimu na ya kikoba, kila moja na salio lake kwa shilingi. Kisha unaandika miamala inayojirudia: mshahara tarehe 28, hisa za kikoba kila Jumamosi, kodi kila baada ya miezi sita. Ukiiagiza iiandike mapema, tuseme siku 90 mbele, chini ya daftari la kila akaunti utaona salio la leo, salio la baadaye, na kiwango cha chini kabisa ambacho akaunti itafikia. Mimi naifungua kwa ajili ya namba hiyo ya tatu. Ikisoma hasi, nazungumza na mwenye nyumba mapema, kabla sijajikuta naangukia Songesha, au Fuliza kwa aliyeko Kenya, pamoja na makato yake.

Ugumu wake ni kwamba kila muamala una pande mbili. Aliyesoma bukukipingi sekondari hatasumbuka. Wengine wajipe wiki mbili. Lakini pande hizo mbili zinatufaa sana sisi wa pesa za simu. Ukitoa 100,000 kwa wakala hujatumia kitu bado: fedha imehama kutoka simu kwenda mfukoni, na kilichotumika ni makato tu. Programu nyingi za simu zinaihesabu laki nzima kuwa matumizi, na ukinunua sokoni unaiandika mara ya pili.

KMyMoney, nayo ya bure, naiweka kando ya GnuCash: ina ukurasa maalumu wa kukadiria salio. Inaweza kufuata miamala uliyoipanga, au ikaangalia mwenendo wa miezi iliyopita. Njia hii ya pili inamfaa mwenye biashara ndogo asiye na tarehe ya mshahara, ila ajue kwamba miezi ya Agosti na Septemba haiifahamu Januari.

Nafasi ya pili naipa jedwali lako mwenyewe, kwenye Google Sheets au LibreOffice Calc. Safu tano zinatosha: tarehe, maelezo, inayoingia, inayotoka, salio. Salio la mwanzo liandike E2, E3 weka =E2+C3-D3, buruta hadi chini, kisha tumia fomula ya MIN kwenye safu ya E kupata salio la chini kabisa. Angalia jambo moja: ukichomeka mstari katikati, salio la mstari unaofuata bado linasoma mstari wa zamani, na ule mpya unarukwa. Nakili fomula upya kuanzia hapo. Nimeona watu wakiamini jedwali la namna hiyo kwa miezi.

PocketSmith ya New Zealand ni ya tatu, japo kwa kuonyesha tu ingekuwa ya kwanza: ni kalenda, na kila siku ina salio lake linalokadiriwa. Mpango wa bure unakupa akaunti 2 na miezi 6 mbele. Zaidi ya hapo unalipa kwa dola, na katika bei hiyo unalipia pia kuunganishwa na benki. Tafuta jina la benki yako kwenye orodha yao kabla hujatoa kadi.

YNAB ni ya nne. Dola 109 kwa mwaka, majaribio siku 34. Inafundisha kugawa pesa uliyonayo tu, na kwa makusudi haikadirii ya kesho. Kama tatizo lako ni mkono mwepesi wa kutumia, itakusaidia.

Programu zinazoomba kusoma SMS zako zote sizipi nafasi. Humo ndimo benki inamokutumia namba za siri za mara moja (OTP).

Hata ukichagua ipi, hakikisha inatoa hesabu zako kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi linalofunguka kwenye programu nyingine. Mint, iliyokuwa kubwa Marekani, ilifungwa mwaka 2024, na Microsoft Money iliacha kuuzwa 2009.

Kabla ya kulipa, ipime hivi. Ingiza salio la tarehe 1 ya mwezi uliopita na mambo yenye tarehe tu: mshahara, kodi, ada, kikoba. Iache ikadirie tarehe 30, kisha linganisha na taarifa ya benki na ya simu. Pengo utakaloliona ni LUKU, vocha, michango ya harusi na mboga. Ligawe kwa 30, uliandike kama matumizi ya kila siku, ukadirie upya.