Sentimita 196 ndani ya RV-14: uzoefu wangu

Nilikuwa natafuta ndege ndogo ya kujiundia itakayonitosha. Nina urefu wa sm 196, na sehemu kubwa ya urefu huo iko kiwiliwilini. Nalitaja hili mapema kwa sababu watu wawili wanaolingana wakisimama wanaweza kupishana sana wakikaa: huyu magoti yanagonga dashibodi, yule kichwa kinagonga kioo cha juu kinachofunika viti. Mimi ni wa kioo.

Ndege ya kwanza niliyotaka kujiundia, ya viti viwili, sitaitaja jina. Niliingia kwenye ya mtu aliyekwisha kuimaliza, nikaona mambo sawa. Nikavaa hedifoni. Tuliposhusha kioo cha juu, utepe wa hedifoni uligusa kabla hakijafunga, ikabidi niinamishe shingo. Hata hivyo, kilichonifanya niiache si shingo. Nilivuta fimbo ya usukani nyuma, nikaipeleka kushoto, ikagota pajani. Vilibaki kama vidole vinne kufika mwisho. Ukitua na upepo wa ubavuni, hivyo vidole vinne unavihitaji.

Mwenye ndege akanishauri nitoe sponji ya kiti. Alinitakia mema, lakini warefu wenzangu, tafadhali msifanye hivyo! Sponji nzuri ndiyo inayopokea kishindo kabla hakijafika kwenye uti wa mgongo. Angalieni na mkanda wa bega: ukiwa umefungwa nyuma, chini sana ya bega lako, siku ya ajali utakuvuta kwenda chini na kuubana uti huo huo.

Kisha rubani mmoja wa uwanja wetu mdogo hapa Texas akanikaribisha kwenye RV-14 yake. Ni ndege ya viti viwili ya kujiundia. Van's Aircraft, kampuni ya Marekani inayouza seti za kuundia ndege, waliionyesha kwenye maonyesho ya ndege ya Oshkosh mwaka 2012, na waliichora wakiwafikiria watu wenye miili mikubwa. Upana wa ndani ni karibu sm 117. RV-7, ndege yao nyingine ya viti viwili, ina kama sm 109. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi, lakini ukikaa bega kwa bega na mtu mzima utaijua thamani yake. Tuliruka saa moja na dakika arobaini. Hedifoni ikiwa kichwani, kiganja changu kilipita kati ya utepe na kioo. Kabla ya kuwasha injini nilizungusha fimbo pembe zote, haikugusa paja. Nilishuka bila ganzi mguuni.

Gharama ni nzito, maana imekusudiwa injini ya Lycoming IO-390 ya nguvu farasi 210. Na popote utakaposogeza kiti nyuma, piga upya hesabu ya uzito na mizani (uzito umegawanyikaje mbele na nyuma), mzigo ukiwemo, kwa kuwa nawe umehamia nyuma.

Wengi wanaojiundia ndege huanza kwa kununua seti ya vipande vya mkia. Kabla hujailipia, tafuta ndege iliyokamilika, vaa viatu unavyorukia, funga kioo, ukae saa nzima. Mimi nilirudi kukaa mara tatu. Sanduku la mkia lilifika gereji Jumanne.